Moto Uliowaka Bila Kiberiti

Watu walimwita Fundi Rangi, na kwa miaka ishirini na mitatu mwanamke huyu alikula kwa kupaka mbao zinazokaa nje: mageti, mabenchi ya bustani, viti vya barazani. Stoo yake ilikuwa mfano mtaani. Kila kopo lilifungwa kifuniko kwa nyundo, tapentaini ilikaa mbali na jiko, na dawa ya mchwa rafu ya juu kabisa, mjukuu wake asiifikie.

Asubuhi moja alipaka mabenchi sita ya shule, uani kwake. Walimu hawakutaka rangi. Walitaka mafuta ya kitani, yale yanayokamuliwa kwenye mbegu, mbao ing'ae yenyewe. Akapaka kwa matambara, akayaviringa pamoja, akayashindilia kwenye boksi chini ya rafu, akaenda kula.

Hajafika nusu ya sahani, akasikia shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, akipiga kelele uani.

"Shemeji! Stoo inafuka moshi!"

Alipotoka mbio, shemeji alikuwa ameshalikokota boksi nje kwa koleo, analifukia mchanga. Kiganja chake kimeungua, ngozi imetoka malengelenge.

"Nimekwambia mara ngapi usivute sigara karibu na stoo?" Fundi Rangi alimfokea.

"Haki ya Mungu, leo sijavuta hata moja."

"Ala! Kwa hiyo moto umejiwasha?"

Shemeji akapuliza mkono.

Mwanamke wa zimamoto, aliyeitwa na majirani, alipofika alilichokonoa boksi, akanusa.

"Mafuta ya kitani haya. Matambara uliyarundika?"

"Ndiyo."

"Basi moto umejiwasha. Mafuta haya yakikauka yanatoa joto. Ukiyabana pamoja, joto linakosa pa kutokea, linapanda mpaka tambara linashika moto."

Fundi Rangi akajikuta ameketi juu ya benchi bichi, gauni likilowa mafuta. Kisha akaruka kama aliyechomwa sindano. Jana! Jana alijaribu mafuta hayo kwenye kiti kimoja, na matambara akayatia kwenye mfuko nyuma ya mlango wa chumba cha mjukuu.

Akakimbilia ndani, nao wakamfuata. Mfuko ulikuwa baridi. Matambara yalikuwa mawili tu, makavu, magumu kama ngozi. Mtoto alikuwa amelala, kidole mdomoni. Fundi Rangi akaegemea ukuta, akalia bila kujificha.

"Tandaza nje, moja moja, mpaka yakauke kabisa," yule mwanamke alimwambia kwa upole. "Au yaloweke kwenye debe la maji lenye kifuniko."

Jioni, akimfunga shemeji bandeji, alisema, "Nisamehe. Nilikuhukumu bure."

"Yameisha, Shemeji."

Hayakuisha. Mabenchi aliyamaliza, na matambara akayatandaza kwenye waya kama nguo. Lakini wiki nzima alikuwa akiamka usiku, anapapasa nyuma ya ule mlango, hakuna kitu, na bado haamini mkono wake.