Hermelinda Aliyefaulu Kipimo

Midomo ya Hermelinda Carhuaricra ilikuwa ya zambarau, na wateja wake hawakuchoka kumtania. Wachimba madini wa zamu ya usiku walipotoka mgodini alfajiri walikuja moja kwa moja kwenye kibanda chake sokoni, hapo Cerro de Pasco, mji wa migodi kwenye milima ya Peru, wakainamia mabakuli ya supu ya kichwa cha kondoo yenye mahindi na mnanaa, na hakukosekana mmoja wa kusema:

"Shangazi, leo umejipaka rangi ya midomo. Unaolewa na nani?"

"Na baba yako. Kunywa supu, ukalale."

Walicheka, naye akacheka nao, kisha akageukia sufuria ili wasimwone akihema. Mji ule uko juu sana na hewa yake ni nyepesi, kwa hiyo mwili wa mtu hujifidia kwa kutengeneza damu nyingi. Wengi huwafaa. Wengine damu huwazidi, ikawa nzito kama uji, kichwa kikagonga mchana kutwa, macho yakaiva, usingizi ukahama. Dawa yake kila mtu anaijua: ni kushuka mlimani. Na Hermelinda alikuwa hataki kushuka hata kwa kuburutwa.

Bintiye Rosaura aliishi Huánuco, chini bondeni kwenye joto na maua, na kila alipopiga simu wimbo ulikuwa ule ule. "Mama, chumba kipo. Unangoja nini?" Hermelinda alishakwenda huko mara mbili. Alikalishwa kitini. Mkwewe alimwita mama kwa adabu zote, akampokonya ufagio mkononi. Barabarani hakuna aliyemjua. Sitajifanya kwamba Cerro ni mahali pazuri: kuna shimo la mgodi linalotafuna mji mtaa kwa mtaa, na baridi ya kuingia hadi kwenye mifupa. Lakini huko juu nusu ya soko walimwita shangazi, na mjane akishapata cha namna hiyo, kumwambia akiache ni kumwonea.

Basi maabara ya utafiti ikatangaza sokoni kwamba inatafuta wanawake wa makamo iwapime. Watakaokutwa wagonjwa watajaribishiwa dawa mpya huku huku mlimani, bila kuhama. Teodomira, muuza viazi wa kibanda cha pili, alimsukuma shoga yake aende. Hermelinda akakubali, ila si kwa sababu ya dawa. Habari ya dawa hakuiamini. Kwake madaktari wote ni wale wale, watakuzungusha weee, mwisho watakwambia shuka. Alichotaka ni neno la daktari la kumfunga Rosaura mdomo. Hapo ndipo alipofanya kosa ambalo ni watu wa Cerro tu wangelifanya.

Kwa watu hawa kipimo ni mtihani. Mgodi huwapima vibarua kila mwaka, na mwenye damu nzito hurudishwa nyumbani. Kwa hiyo siku moja kabla ya kipimo wanaume hupitia kwa Nicéforo, muuguzi mstaafu, akawatoa damu chupa nzima na kuwatia maji ya chumvi mshipani, na kesho yake wanafaulu wote. Mume wa Hermelinda alifaulu hivyo mpaka alipokufa. Haikumjia mama huyu akilini kwamba duniani kuna kipimo ambacho anayefeli ndiye anayepata.

"Na wewe unaingia mgodini?" Nicéforo alimuuliza.

"Naingia kwa madaktari."

"Yale yale. Kunja mkono."

Alifaulu. Daktari Yeny, binti wa hapo hapo mjini, aliitazama ile midomo kwa muda, lakini mashine ilisema damu ni nyepesi, na baridi kali ya asubuhi ile ingeweza kugeuza midomo ya yeyote. Picha za moyo walipigwa wenye damu nzito tu, maana mashine ilikuwa moja. Hermelinda akawekwa upande wa wazima, wale ambao wagonjwa hulinganishwa nao, akapewa chai na mkate. Adhuhuri hiyo hiyo alimpigia Rosaura. "Daktari kasema mimi mzima," alisema, na kwa mara ya kwanza binti yake hakukitaja kile chumba.

Msimu mzima alitembea kifua mbele, ingawa kifua chenyewe kilikuwa kikimbana. Kanivali ilipokwisha, Daktari Yeny alikuja kibandani mwenyewe, mabakuli yakiwa yameshaoshwa.

"Mama, naomba nikuulize, na usinikasirikie. Ulitolewa damu kabla ya kuja kwetu?"

Hermelinda aliendelea kusugua sufuria. "Nani kakwambia?"

"Damu yako."

Akaketi kwenye benchi, akamweleza taratibu. Seli za mwili hutema vifuko vidogo mno ndani ya damu, vidogo hata hadubini ya kawaida haivioni, na kila kifuko hubeba ujumbe kwenda kwa seli nyingine. "Kama vile unavyompa dereva wa basi kifurushi ampelekee mwanao. Vya mtu mwenye afya hupeleka salamu njema. Vya mgonjwa hupeleka amri mbaya, vinaiambia mishipa ya mapafu ijibane. Moyo nao unasukuma, unasukuma, mwisho unavimba."

"Na vyangu?"

"Tuliviweka juu ya seli zenye afya za mishipa, zikaugua. Sawasawa na tulipoweka vya wagonjwa. Nicéforo alipunguza damu, mama. Vilivyobaki vikasema yote."

Hermelinda aliiweka sufuria chini. "Mwanangu, mimi nilitaka kupita tu."

Yeny angeweza kumgombeza. Hakumgombeza, baba yake mwenyewe alikuwa mteja wa Nicéforo.

"Haya basi, nipe hiyo dawa," Hermelinda alisema. Alikuwa ameanza kuiamini, na ile imani ilimuumiza kuliko mashaka yake ya zamani. Wiki ile ile akapigwa picha ya moyo, akilala ubavu, akitazama kwenye kioo cha mashine kitu cheusi kikifumba na kufumbua. Yeny aliipima picha mara mbili. Upande wa kulia wa moyo ulikuwa umevimba kupita mpaka uliowekwa, na aliyevuka mpaka huo hapewi ile dawa, inaweza kumwangusha.

"Na siku ile ya kwanza?" Hermelinda aliuliza. "Siku ile ningepewa?"

Yeny aliizima mashine. "Nadhani ungepewa."

"Na sasa?"

"Sasa ni kushuka, mama. Mwezi huu huu."

Alishuka. Sufuria alimwachia Teodomira, na wateja hakuwaaga, alishindwa. Huko Huánuco alipona, na hilo ndilo linalonikata maini kila ninapoikumbuka habari yake. Midomo ilirudia rangi, kichwa kikatulia, akapanda ngazi bila kushika ukuta. Majirani walisema amekuwa msichana. Rosaura alilia kwa furaha. Na kila siku kabla ya mapambazuko Hermelinda aliamka, akavaa, akajifunga shali, akaketi ukingoni mwa kitanda akingoja nyumba iamke.

Siku moja mchana Teodomira alipiga simu. Walizungumza bei ya viazi, kisha Teodomira akasema, "Shoga, kona yako wamempa mtu."

"Nani?"

"Msichana mmoja wa Yanahuanca."

"Supu yake ikoje?"

Hawakuwahi kudanganyana hata siku moja, na huu haukuwa wakati mbaya wa kuanza, lakini Teodomira hakuweza.

"Nzuri," alisema. "Wanapanga foleni."

Hermelinda alivuta pumzi, ikaingia yote bila kukwama popote, na hakujua aitumie kwa kazi gani.