Rhobi Haitiki Akiitwa Mara Moja

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, Rhobi Mwikwabe anatoka nyumbani kwao Bweri, mjini Musoma. Kandambili miguuni, viatu mkononi. Viatu atavivaa akifika chuo.

Mbele yake kuna kilomita sita za kutembea. Mwanzo wa njia ni mapagala matupu, nyumba zilizosimamishwa kuta zikaachwa, nyasi zimeota hadi sebuleni.

Kwenye pagala la nne mtu huita: "Rhobi!" Sauti ni ya mwanamke. Rhobi hajibu, wala hageuki.

"Ilianza nilipoingia mwaka wa pili," anasema. "Sijawahi kumuona. Anaitaga mara moja tu, ndiyo maana namuogopa."

Rhobi, 26, ni fundi cherehani. Mchana hushona sare za shule, asubuhi husomea ualimu kwenye tawi la chuo kikuu cha umma pembezoni mwa mji. Alikichagua kwa sababu ada yake ni nafuu na anaweza kulala kwao. Chumba karibu na chuo ni shilingi 50,000 kwa mwezi, fedha inayomlisha yeye na bibi yake wiki tatu.

"Wanatuitaga wanafunzi wa miguu," anasema. "Sawa tu. Bila miguu hii ningekuwa nashona mpaka leo, basi."

Bibi huyo, Nyamburi, ndiye aliyemfunza asiitike jina lake mpaka aone uso wa anayeita, au aitwe mara tatu.

"Dada yangu aliitika akiwa kisimani," anasema bibi, huku akipepeta dagaa. "Alirudi mzima, akapika, tukala. Ila tangu siku ile ukimuita jina lake hasikii. Mengine yote anasikia, jina lake hapana. Mpaka tunamzika."

Mwandishi wa makala haya alicheka kidogo. Alikuwa bado hajaiona karatasi ya mahudhurio.

Chuoni, asiyefikisha asilimia 75 ya vipindi hafanyi mtihani, anarudia mwaka. Mhadhiri wa Rhobi, Chrispin, ana wanafunzi 212 ukumbi mmoja. Huita majina kwa spika, mara moja tu. Viti vya mbele huwa vimejaa, Rhobi hukaa nyuma, penye nguzo, hivyo sauti inamjia kutoka ukutani bila uso. Ulimi unagoma. Unapolegea, jina limeshapita.

Vipindi 30 vya mwanzo alihudhuria vyote. Karatasi ilionyesha 20. Ili afanye mtihani anahitaji 30 kati ya 40 vya muhula, yaani aitike vyote kumi vilivyobaki.

"Mimi ni wa Bunda, hayo nayajua," anasema Chrispin. "Hata mama alinikatazaga. Ila fomu haina sehemu ya kuandika bibi alikataza."

Basi Rhobi akaanza mazoezi. Akiwa kwenye cherehani, jirani yake Flora humuita ghafla kutoka nyuma, naye hujibu papo hapo: "Nipo!" Vipindi vinne vikapita, akaitika vyote. Tatizo ni kwamba ulimi uliozoea kuitika hauchagui ukumbi wala pagala.

Alhamisi iliyopita mwandishi alitembea naye. Penye pagala la nne sauti ikaita, wazi kabisa: "Rhobi!"

"Nipo!"

Akajiziba mdomo. Mwandishi aliingia ndani na tochi ya simu. Kulikuwa na mifuko ya saruji iliyoganda na vumbi ambalo halijakanyagwa na mtu. Aliogopa, na haoni aibu kulisema hilo.

Rhobi alitembea mpaka chuoni, akavaa viatu. Ukumbini spika ikaita: "Rhobi Mwikwabe." Alikuwa ameinamia daftari, anaandika tarehe taratibu, kama ameitwa mtu mwingine. Hakukuwa na mtu wa kumgusa. Chrispin akavuta pumzi ya kutaja jina linalofuata.

"Nipo! Nipo, mwalimu!"

Ukumbi mzima uligeuka. Chrispin akaweka tiki.

"Nilisikia kama naitwa kutoka mbali sana, ng'ambo ya ziwa," alisema Rhobi baadaye, akivua viatu kwa safari ya kurudi. Vipindi vimebaki vitano, na anasema ataitika vyote.

Na kule kwenye pagala?

"Akiita tena, nitamwambia anisubiri kwanza. Nina mtihani mwezi wa saba."