Kitambaa Juu ya Soda ya Mama Mkwe

Mikono yangu haijui kutulia. Ofisini Kiyovu, hapa Kigali, ambako nashughulikia mizigo inayotoka Dar, wenzangu wamekwishazoea kuona sarafu ikitembea juu ya vidole vyangu huku naongea na simu. Jumapili mchana ndipo mikono hiyo hupata kazi yake halisi: chumba cha nyuma cha mgahawa mmoja hapo hapo Kiyovu, meza moja ndefu, watu wachache waliokaa karibu kiasi cha kunusa jasho langu. Nawafanyia mazingaombwe. Hakuna jukwaa wala pazia. Wakinitazama, wanatazama mpaka kucha.

Jumapili ninayoisema, mama wa mchumba wangu alikuja na binti yake kutoka Gahanga, pembeni mwa jiji. Ni Mnyarwanda aliyekulia Burundi, Mkatoliki wa misa ya kwanza. Wazee wangu walikuwa wanasubiri neno lake moja tu ili waje kuposa. Alipoambiwa ninavyopitisha Jumapili zangu, alisema anataka kuona mwenyewe huyo Mtanzania anafanya nini na mikono. Wiki nzima sikulala vizuri. Asubuhi yenyewe nilivaa shati, nikavua, nikavaa lingine, nikarudia lile la kwanza.

Nilianza vizuri. Karata zilinitii, na mama akacheka hadi akafunika mdomo. Kicheko kile kilinilevya. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Siku zote sarafu naitokeza chini ya kikombe kitupu ninachokuja nacho, lakini siku hiyo, sijui nilipagawa na nini, nilitandaza kitambaa juu ya glasi yake ya soda aliyokwisha kunywa nusu. Nikaonyesha sarafu kiganjani, nikafumba, nikafumbua: hamna. Nikaondoa kitambaa, nikainua glasi. Sarafu ilikuwa chini yake. Watu wakapiga makofi.

Mama hakupiga. Aliisogeza glasi mbali kwa ncha ya kidole.

Nikaelewa papo hapo. Hapa Kigali mtu hufunguliwa chupa mbele ya macho yake. Mwenyeji huonja kwanza ndipo mgeni anywe, kwa kuwa hofu ya sumu ni ya zamani na haina aibu. Wapo ambao wakienda msalani, wakirudi hawaigusi tena glasi waliyoiacha. Yote hayo nayajua, nimeishi nayo miaka, halafu namfunikia mama mkwe soda yake kwa kitambaa!

Nikafanya kile ambacho wao wangefanya. Niliichukua glasi, nikapiga funda zima, nikamrudishia kwa mikono miwili.

"Karibu, mama. Nimeonja."

"Nimekuona unakunywa, mwana," akasema taratibu. "Lakini ata ile igiceri, sarafu yako, nilikuwa naiona mu mukono yako, ikabura."

Meza nzima ikaangua kicheko. Walidhani ni sehemu ya mchezo. Mimi nilitamani kuwafukuza wote. Kwa sisi wa kazi hii kutoa siri ni mwiko, lakini mwiko ungenisaidia nini? Nikakunja mkono wa shati, nikamtolea sarafu iliyoteleza humo. Nikamwelewesha kwamba zilikuwa mbili. Hiyo nyingine niliisukuma chini ya glasi yake wakati natandaza kitambaa. Nikarudia polepole, mbele ya watu walionilipa nisiwaonyeshe.

"Ni hayo tu, mama. Hakuna kingine."

"Yego," akaitikia, nami nikapumua. Kumbe hajamaliza. "Na nitajua aje kama umenionyesha yote?"

"Huwezi kujua, mama," nikasema.

Mchumba wangu alikuwa ameinamisha kichwa. Mama alinitazama usoni, safari hii si mikononi. Kisha akainua glasi, akaifikisha midomoni, akairudisha mezani, akasema asante. Akachukua mkoba wake akaondoka na binti yake, bila neno lolote la posa. Wazee wangu wanapiga simu kila siku kuuliza kama mama amekubali, na mimi nazunguka chumbani na simu sikioni nikiwaambia wasubiri. Ningewajibu nini? Alipoinua glasi, nilikuwa nimemkodolea macho kooni. Mimi ninayeishi kwa kuyachezea macho ya watu, sikuona kama alimeza.