Mguu wa Bibi na Alhamisi za Daktari

Kwetu Kinondo ukimuuliza mtu mzima hali yake, hakujibu kwa ubaya. Huenda amelala mkekani tangu juzi hajaonja hata uji, lakini ukipiga hodi na kumsabahi atakwambia, "Sijambo, alhamdulillahi," kisha akuulize wewe na watu wa nyumbani kwako. Mkishakaa kitako ndipo habari ya ugonjwa hutoka, kidogo kidogo, na mara nyingi huitoa mtu mwingine aliyepo pale. Hivyo ndivyo tulivyolelewa. Sikujua kuwa adabu hiyo ingetuponza.

Bibi yangu ndiye aliyenilea, na nyumbani tuko wawili tu. Mimi hushona makuti ya kuezekea, mengi yanakwenda kwenye mahoteli ya Diani. Ni kazi isiyotaka maneno, na mimi maneno hunishinda mbele za watu. Shule niliishia darasa la nane. Bibi hunitania kwa hilo. "Mume wangu huyu," huwaambia wageni, "posa yake itabidi niipeleke mimi. Yeye akifika kwa wakwe ataomba maji, anywe, arudi."

Bibi ana ugonjwa wa sukari tangu mimi mdogo, na zamani haukututaabisha sana. Kituo chetu cha afya kilikuwa na daktari wake, mtu wa makamo aliyetoka mbali lakini alikaa kwetu hata akatujua. Bibi akiingia, daktari alimwamkia shikamoo, akangoja salamu zote ziishe, za watoto, za majirani na za mbuzi, kisha akasema, "Haya bibi, salamu tumemaliza. Sasa vua viatu nikuone nyayo." Kila siku nyayo. Tukirudi nyumbani Bibi alinung'unika njia nzima. "Daktari gani huyu? Mtu ana kikohozi, yeye anatazama miguu!"

Siku moja tulikwenda tukakuta mlango wake umefungwa. Bawabu akatuambia amehamishwa. Hakuna aliyekuja kutuaga wala kutueleza nani atashika nafasi yake. Tangu siku hiyo daktari hutoka mahali pengine, huja Alhamisi, na si kila Alhamisi. Siku nyingine yupo nesi peke yake, na nesi ndiye anayeamua nani atamwona daktari na lini. Nasikia kuna watu wana daktari wao wanayempigia simu wakaenda siku hiyo hiyo. Sisi daktari wetu walitunyang'anya, wakatupa siku moja ya juma badala yake.

Mwaka huu, mvua za masika zilipoanza, Bibi alichomwa na kijiti chini ya kidole cha mguu. Hakujua. Mimi ndiye niliyeona alama ya damu mkekani. Nilipomwonyesha alicheka, akasema mguu huo siku hizi hausikii chochote, hata akikanyaga kaa la moto. Akausafisha kwa maji ya chumvi, akafunga kipande cha leso. Siku zikapita, kidonda hakikukauka. Kikapanuka, kidole kikavimba na kugeuka rangi. Nikamwambia twende kituoni. Akakubali bila ubishi, nami nikaogopa zaidi, kwa sababu Bibi si mtu wa kukubali.

Tulifika Alhamisi asubuhi, benchi limeshajaa. Zamu yetu ikafika kwa nesi, msichana wa bara, mchangamfu, amechoka.

"Shosho, uko aje leo?"

"Sijambo mwanangu, alhamdulillahi. Wewe hujambo? Hapa umepazoea? Wazee wako huko hawajambo?"

Nesi akacheka. Akampima presha, akamtoboa kidole cha mkono kupima sukari, akatikisa kichwa kidogo. "Na hicho kidonda, kinauma?"

"La, hakiniumi hata kidogo."

"Basi uko fiti, shosho. Daktari leo anaona wale wako mbaya. Kuja Alhamisi ya wiki ijayo." Akatupatia vidonge vya sukari na bendeji. Kile kipande cha leso hakukifungua.

Nilisimama pale mlangoni. Nilitaka kusema kwamba bibi huyu hajawahi kumwambia mtu kuwa yuko mbaya tangu azaliwe. Maneno yalikuwepo kifuani. Nyuma yangu mtu akasema, "Kijana, pisha," nikapisha.

Alhamisi hiyo tulirudi, Bibi nyuma ya bodaboda, mguu ameuning'iniza kando. Daktari hakuja. Ana semina. Watu waliotoka Ramisi na vijiji vya ndani waliambiwa warudi makwao kwa maneno mawili hayo, "ana semina," kana kwamba ni dawa ya kumeza. Mama mmoja aliyembeba mtoto mgongoni akauliza, "Hiyo semina inafundisha nini, kutibu watu wasiokuwepo?" Tulicheka, kisha kila mtu akashika njia.

Tuliambiwa Alhamisi nyingine. Kufikia hapo kidonda kilikuwa kinanuka. Bibi alikuwa anachoma ubani chumbani asubuhi na jioni ili nisisikie, nami nilijifanya sisikii. Homa ilimpanda na kushuka. Usiku wa kuamkia Alhamisi nilimwambia, "Bibi, nakuomba. Kesho nesi akikuuliza, mwambie una hali mbaya. Usimwambie alhamdulillahi."

Alinitazama kama niliyemwambia atembee uchi sokoni. "Nimkufuru Mungu kwa ajili ya foleni?"

"Si kukufuru, Bibi. Ni kusema kweli."

"Kweli anaijua Yeye. Na huyo binti ana macho, ataona."

Asubuhi daktari alikuwepo. Gari lake tuliliona kando ya ukuta, watu wakapeana mikono kwa furaha kana kwamba mwezi wa Idi umeandama. Lakini nesi alitoka akatangaza kuwa daktari ataondoka mapema, na wataingia walio mbaya tu. Hapo jamaa mmoja wa Ukunda, amevaa miwani ya jua, alisimama akalipiga dirisha kwa kiganja. "Mnataka nife hapa ndio mjue mimi ni mgonjwa? Mnanijua mimi?" Akaingizwa palepale. Alitembea vizuri kuliko mimi.

"Maiti huyo," akasema mama mmoja benchini, "ana sauti ya kuadhini misikiti miwili."

Bibi alicheka hata akakohoa. Mimi sikucheka. Nilikuwa natazama benchi lile. Waliokaa kimya walikuwa ndio wagonjwa. Yuko mzee anapumua kama mvukuto, akiulizwa anasema hajambo. Yuko binti ana mimba, miguu imevimba, anasema anamshukuru Mungu. Watu wote hawa wamelelewa vizuri, na kwa sababu wamelelewa vizuri watarudi makwao bila kumwona daktari. Aliyekuja na matusi amekwishapita. Hasira iliyonishika siku hiyo bado sijaipa jina. Ni nani aliyepanga kwamba mgonjwa apigiwe kura kwa sauti yake?

Tukaitwa.

"Shosho, umerudi! Uko aje?"

"Alhamdulillahi, mwanangu. Sijambo."

Nesi alikuwa ameshashika kalamu, anatafuta Alhamisi nyingine ya kutupa. Mimi sikuweza kusema. Basi nilipiga magoti, nikaushika mguu wa Bibi, nikaanza kufungua leso. Bibi akanipiga begani, "We! Una nini? Acha!" Sikuacha. Mkunjo wa mwisho ulitoka na ngozi.

Harufu ikajaa chumba. Nesi akaweka kalamu chini. Alisema, "Yesu wangu," polepole, akatoka mbio, akarudi na daktari.

Daktari alikuwa kijana, hakunizidi sana umri. Aliinama, akatazama, akabonyeza hapa na pale, akamuuliza Bibi kama anasikia kitu. Bibi akasema hasikii. Akasema, "Huko kutosikia ndiko kubaya." Kisha akanigeukia mimi, uso umekunjamana. "Kwa nini mmemweka nyumbani muda wote huu? Nyinyi watu mnangoja mpaka mtu aoze ndio mnaleta hospitali?"

Nyinyi watu.

Nikamjibu. Sijui sauti ilitoka wapi, lakini ilifika hata benchini, maana nje waliacha kuongea. "Tulikuja," nikasema. "Tulikuja, daktari. Alhamisi ya kwanza tulikuja, tukarudishwa. Ya pili tulikuja. Wewe ndiye hukuja."

Akauinamia tena mguu. Nesi alikuwa anatazama sakafu, naye namhurumia, kwani aliachwa peke yake na umati. Bibi, mguu wake wazi mbele ya watu, akanishika mkono kwa nguvu. "Punguza sauti. Huyo ni mtu na kazi yake. Mwombe radhi." Sikumwomba. Kabla ya siku hiyo sikuwahi kukataa neno la Bibi.

Siku hiyo hiyo walimpeleka hospitali kubwa kwa gari lao. Walimkata vidole viwili, na daktari wa huko akasema tungechelewa kidogo tu ungeondoka mguu mzima. Angeonekana ile siku ya kwanza, akasema, pengine vidonge vya kidonda vingetosha. Nilimwomba arudie maneno hayo ili nisiyasahau.

Sasa Bibi anatembea kwa mkongojo na anahitaji kusafishwa kidonda kila juma. Nimemwambia mara nyingi akiulizwa aseme anavyojisikia. Hataki, na nimeacha kumsumbua. Adabu yake haina kosa, kosa ni la waliompangia siku moja ya juma. Tukiingia, nesi humuuliza, naye hujibu alhamdulillahi, na kumuuliza habari za wazee wake wa bara. Wakiwa bado kwenye salamu, mimi nimeshapiga magoti, nimeshavuta kiti, na mguu uko juu yake, wazi.