Kiongozi wa Msafara Husoma Vibao

Saa moja asubuhi, nje ya karakana ya baiskeli, wapo hawa: watoto saba wenye baiskeli saba, fundi wao mwenye mikono ya grisi, na bibi mmoja aliyekuja kumchukua mjukuu wake.

Fundi huyo, ambaye watoto humwita Mama Pedeli, aliziunda baiskeli hizo kutokana na vyuma chakavu. Kila Jumamosi, kwa mwaka wa nne sasa, huwaazima watoto kwa sharti moja: anayeongoza msafara husoma vibao alivyovitundika njiani, kisha huwatangazia wenzake la kufanya. Wakirudi, kila mtoto husimulia safari kwa mpangilio, na fundi huyaandika maneno yao ukutani kwa chaki ili wayasome.

"Mimi niliishia darasa la nne," anasema huku akikaza mnyororo. "Mengine nimejisomea kwenye maboksi ya vipuri. Mtoto husoma upesi akiwa na haja ya kufika."

Bibi hakubaliani naye. Mjukuu wake ana miaka minane na bado anababaika na silabi. Kumfundishia barabarani, anasema, ni kumpigia mbuzi gitaa. Amekubali kungoja safari hii moja tu.

Leo mjukuu ndiye kiongozi. Mara tatu ameongoza bila kosa, lakini fundi amegundua kwamba binti huyo alikariri njia, wala hakuwa akisoma. Kwa hiyo alfajiri amebadilisha vibao vyote.

Kwenye kona ya kwanza, hatua chache kutoka karakanani, binti anaanza kupinda kushoto kama ilivyo ada. Anatupia kibao jicho, anafunga breki. Kengele sita zinalia nyuma yake.

"Dada, umelala?" anauliza mmoja.

Midomo ya binti inacheza. Bibi, aliyefuata kwa miguu pamoja na fundi, ameshika tama.

"Shu... ke... ni." Binti anageuka. "Shukeni, mkokote hadi lango la bluu. Kibao kimesema hivyo."

Wote wanashuka, wanakokota. Vibao vitano vilivyosalia anavisoma vyote, wenzake wakimtania kwamba hata kobe ameshawapita.

Wanaporudi, fundi anaeleza tumaini lake: siku moja wazazi nao waandamane na watoto.

Bibi anasimama.

"Sikilizeni, wajukuu zangu," anawatangazia wote. "Jumamosi ijayo niwekeeni mto kwenye keria. Mama Pedeli atanipakia, mjukuu wangu atanisomea njia."