Meza Iliyotandikwa kwa Ebbe Thorsager

Jirani yangu Ebbe Thorsager ni msanifu majengo, na hilo atakwambia kabla hujavua koti. Nyumba ninayokaa kaichora yeye. Ya kwake pia kaichora yeye, na nyingine zote za mtaa wetu huu wa matofali ya manjano, hapa Horsens karibu na maji. Akija kwangu akakuta nimesogeza kiti kikaziba mwanga, anakirudisha bila hata kuomba. Nimeshamwambia, "Ebbe, kiti ni changu na makalio ni yangu." Anajibu, "Sawa Gudrun, lakini mwanga si wako." Ndivyo alivyo, umzoee au uhame.

Baba yake alikuwa mwashi, na Ebbe alishika mwiko wa kujengea kabla ya kushika kalamu. Alipokwenda Copenhagen kusoma, wenzake walichora minara. Yeye alichora ngazi za mlangoni, maana alisema watu husimama hapo kupiga soga. Baadaye akajenga maktaba, akajenga kanisa lenye dirisha moja tu, akajenga nyumba za wazee ambazo wazee wanazigombea mpaka leo. Tuzo anazo, kazitupa kwenye kabati la viatu. Mkewe, Vibeke, alimwacha zamani, akasema amechoka kuolewa na meza ya kuchorea. Watoto hawakupata. Ofisi aliwauzia vijana aliofanya nao kazi, na tangu hapo hawampigii simu ila wanapotafuta mchoro uliopotea.

Mtaa wetu ndio kazi aliyoipenda kuliko zote, na alipostaafu akahamia humu. Aliuchora kwa makusudi uwe na njia moja ya kokoto, ili kila atokaye na arudiye apite chini ya dirisha la jikoni la jirani yake. "Mtu asifie ndani wiki nzima bila kujulikana," alikuwa akisema. Tulimcheka, lakini ni kweli tunajuana mpaka kikohozi.

Sasa, kwetu miaka sabini hainyamaziwi. Jirani akiifikisha, tunaamka kabla yake, tunafunga matawi ya msonobari kuuzunguka mlango wake, kisha tunaimba hapo nje hadi atoke na nguo za kulalia. Naye hutuingiza ndani kwa mkate wa moto na kinywaji kikali cha kukunja uso. Asiyetaka ghasia hiyo hutia tangazo gazetini, na gazeti likishasema, limesema. Mtu wa kwetu hagongi mlango wa aliyeomba aachwe.

Sabini ya Ebbe ilipokaribia, gazeti lilimwandika nusu ukurasa, na picha yake amesimama mbele ya lile kanisa. Chini kabisa pakaandikwa kwamba Ebbe Thorsager anaomba siku yake ipite bila kushughulikiwa na yeyote. Nilichukia. Nikasema haya, kiburi kimempanda mpaka utosini, hata wimbo wetu haumtoshi.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Watu walipita kwenye kokoto kama kawaida, wengine dukani, wengine na mbwa wao. Wakifika chini ya dirisha lake walipunguza sauti na kuinamisha vichwa. Ndiyo adabu yenyewe, hata macho humpi. Mchana uvumilivu ukanishinda. Sijui zilikuwa hasira au huruma, kwangu huja pamoja. Nikavaa viatu nikaenda kumsuta.

Alifungua upesi mno, kama aliyekuwa amesimama nyuma ya mlango. Alivaa shati jeupe na tai. Nyuma yake meza ndefu ilikuwa imetandikwa sahani na vikombe kila upande, vikapu vya mkate, na mbele ya kiti chake ile bendera ndogo tunayomwekea mtu siku ya kuzaliwa kwake.

"Gazeti hukusoma?" akaniuliza.

"Nimesoma. Nimekuja kukuuliza sisi tumekukosea nini."

"Kaa, Gudrun."

Nikakaa. Sahani zote zilikuwa safi, hakuna iliyoguswa. Nje kokoto zikalia, naye akageuka kabla hajajizuia. Alikuwa Kirsten wa nyumba ya kona na mbwa wake. Kirsten akainamisha kichwa, akapita.

"Ebbe, wewe mtu mzima. Lile tangazo uliliandikia nini?"

Alinimiminia kahawa, nyingine ikamwagika kwenye kisahani. "Ningewaalika wakakosa kuja, ningejua hawanitaki," alisema. "Nikiwakataza, hawaji kwa sababu nimewakataza."

Mficha uchi hazai, wahenga hawakukosea. Nilitaka kumzaba kofi na kumkumbatia kwa mkono uleule.

"Holger alishakata matawi," nikamwambia.

"Ya nini?"

"Ya mlango wako. Na Bodil alishatunga wimbo, humo anakusema kwa kutuhamishia viti. Kirsten huyo aliyepita ndiye angeleta maua. Tulipoona gazeti tukaacha."

Kila jina nililotaja, aliangalia sahani moja. Kisha akauliza polepole, "Na Asger?" Asger aliupaka mlango wa nyumba yake mwenyewe rangi nyekundu bila kumuuliza Ebbe, na tangu hapo hawasalimiani.

"Asger angepiga tarumbeta. Alikuwa akifanya mazoezi bafuni, anadhani hatumsikii."

Ebbe akaketi. Moyo uliniuma kumwona, kaupindisha mdomo kama mtoto anayekataa kulia mbele ya watu.

"Niwaite?" nikasema. "Wako majumbani mwao wote. Nikigonga tu, meza hii itajaa."

Aliitazama meza. Niliona jinsi alivyotaka. Mkono ulikwenda mpaka kwenye kiti kilichokuwa kando yake, akakinyoosha kidogo.

"Hapana," alisema. "Wakiingia wataona nilikuwa nawangoja."

Tukala wawili, tukazungumzia mvua. Nilipoinuka kwenda zangu, alinishika kiwiko akaniomba nitokee mlango wa nyuma, bustanini, ili asiwepo wa kuniona nikitoka. Nikatokea bustanini.