Mama wa Kauri na Kitambaa Chake

Juzi, kwenye dirisha la duka, niliona sanamu ya kauri ya mama aliyempakata mwanawe aliyekufa, na pua yangu ikajaa harufu ya dagaa.

Ya kwetu Kasingirima ilikaa juu ya kabati la vyombo, fahari ya mama yangu. Mimi niliamini yule mama ni mkimbizi aliyeshuka boti ya ziwani kutoka Kagunga, mpakani, kama wale waliopita barabarani na mafurushi.

Alasiri moja mama alimkaribisha mmoja wao uji, nguo zake zikinuka dagaa wa botini. Alipoiona sanamu, mgeni yule aliweka kikombe chini.

"Mama, mbona mtoto hamjamfunika?" aliuliza taratibu. "Wangu nilimwacha njiani hivihivi."

Akafungua kitambaa chake cha kichwani, akamfunika.

Nilisubiri mama akiondoe akishaondoka mgeni. Hakukiondoa. Waliouliza aliwajibu, "Amefiwa huyo."

Sasa najua ile ni nakala ya sanamu maarufu ya marumaru, na watu huvuka bahari kwenda kuitazama. Waende. Iliyo nzuri kuliko zote, aliyoniachia mama, iko sebuleni kwangu, na mtoto amefunikwa.